Kura ya 60: Hesabu iliyoipa sura sheria ya bima ya afya Marekani

ILIKUWA saa saba usiku wa kuamkia Jumatatu, Desemba 21, 2009. Theluji nzito iliyoanguka mwishoni mwa juma ilikuwa bado imelala katika mitaa ya Washington, lakini ukumbi wa Baraza la Seneti la Marekani ulikuwa umejaa. Seneta Robert Byrd wa West Virginia, mzee wa miaka 92 ambaye afya yake ilikuwa imezorota, aliingizwa ndani kwa kiti cha magurudumu. Chama chake kisingeweza kumwacha apumzike nyumbani, kwani bila yeye hesabu isingekamilika.

Kura zilipomalizika kupigwa, waliosema ndiyo walikuwa 60 na waliosema hapana walikuwa 40. Sitini ndiyo idadi iliyotakiwa, bila pungufu wala ziada. Angekosekana mmoja tu, muswada wa bima ya afya wa Rais Barack Obama ungekwama usiku ule ule.

Jambo linalowatatiza wengi ni kwamba kura hiyo haikuwa ya kuupitisha muswada. Ilikuwa ya kwanza katika mfululizo wa kura za kukubali tu kwamba mjadala ufungwe, ili muswada uweze hatimaye kupigiwa kura. Hapo ndipo ulipo ufunguo wa kisa kizima. Mtu anayetaka kuelewa kwa nini taifa tajiri lilipata sheria ya bima ya afya yenye viraka vingi, na kwa nini mfuko wa bima wa serikali uliotakiwa na wengi katika chama tawala haumo ndani yake, hana budi kuanza na hesabu za Seneti.

Wingi usiotosha

Seneti ina wajumbe 100, wawili kutoka kila jimbo, liwe kubwa kama California au dogo kwa idadi ya watu kama Wyoming. Kupitisha muswada kunahitaji wingi wa kawaida. Lakini kanuni za baraza hilo humruhusu seneta kurefusha mjadala bila kikomo, na mjadala usipofungwa hakuna kura inayopigwa.

Zamani mwenye kuzuia alilazimika kusimama na kusema mpaka miguu imkatae. Seneta Strom Thurmond alisema kwa saa 24 na dakika 18 mwaka 1957 akipinga muswada wa haki za kiraia. Baadaye ikawa inatosha upande wa wachache kutangaza nia ya kuzuia. Kanuni ya kufunga mjadala ilianzishwa mwaka 1917 ikitaka theluthi mbili ya kura, na mwaka 1975 kiwango kikashushwa hadi tatu ya tano, yaani kura 60.

Msomaji aliyezoea Bunge la Dodoma anaweza kuuliza: kwani chama hakina mnadhimu wa kuwaweka wabunge wake kwenye mstari? Tanzania, mbunge anayevuliwa uanachama hupoteza na kiti chake. Marekani sivyo. Seneta anayekiudhi chama hubaki na kiti mpaka wapiga kura wa jimbo lake waseme vinginevyo. Viongozi wanaweza kumnyima uenyekiti wa kamati, lakini hawawezi kumfukuza bungeni.

Mfano hai ulikuwa Joe Lieberman wa Connecticut. Mwaka 2006 alishindwa katika kura za maoni ndani ya chama cha Democratic, akagombea kama mgombea binafsi na akashinda. Mwaka 2008 akamuunga mkono John McCain, mgombea urais wa Republican, dhidi ya Obama. Hata hivyo Wademokrati waliendelea kumhesabu kuwa miongoni mwao, kwa sababu moja rahisi: walimhitaji.

Idadi ya 60 yenyewe ilipatikana kwa taabu. Aprili 2009 Seneta Arlen Specter wa Pennsylvania aliihama Republican na kujiunga na Democratic. Al Franken wa Minnesota, aliyeshinda kwa kura 312 baada ya miezi ya kuhesabu upya na kwenda mahakamani, aliapishwa Julai 7. Wiki saba baadaye, Agosti 25, Seneta Edward Kennedy wa Massachusetts, aliyeipigania bima ya afya kwa miongo kadhaa, akafariki dunia kwa saratani ya ubongo. Jimbo lake lilibidi libadili sheria ili gavana ateue mtu wa kushikilia kiti kwa muda. Paul Kirk akaapishwa Septemba 25, na Wademokrati wakawa tena na 60: wao 58 na maseneta wawili wasio na chama, Lieberman na Bernie Sanders wa Vermont.

Walikuwa na 60, lakini hawakuwa na 61. Kwa maana hiyo kila mmoja wao alikuwa na turufu ya kuuangusha muswada.

Kiti cha miguu mitatu

Kilichogombewa hakikuwa kidogo. Kwa takwimu za ofisi ya sensa, Wamarekani wapatao milioni 46 hawakuwa na bima ya afya mwaka 2008. Rais Harry Truman alijaribu kuleta bima ya taifa katika miaka ya 1940 akashindwa. Lyndon Johnson alifanikiwa nusu mwaka 1965, alipotia saini sheria ya Medicare kwa wazee na Medicaid kwa maskini. Bill Clinton alijaribu tena, lakini mpango wake ulikufa mwaka 1994 bila hata kupigiwa kura katika ukumbi wa baraza lolote.

Wasaidizi wa Obama walijifunza kutokana na anguko la Clinton. Badala ya kubomoa nyumba nzima, walichagua kukarabati: mwenye bima kazini abaki nayo, wazee wabaki na Medicare yao, na nguvu zielekezwe kwa waliokosa kabisa.

Mpango huo ulisimama juu ya miguu mitatu kama kigoda. Kwanza, kampuni za bima zisimkatae mtu wala kumtoza zaidi kwa sababu ni mgonjwa. Pili, kila mtu alazimike kuwa na bima au alipe faini, kwani bila hivyo watu wangesubiri waugue ndipo wajiunge, na mifuko ingekauka. Tatu, serikali itoe ruzuku, kwa kuwa huwezi kumlazimisha mtu anunue kitu asichokimudu. Mpango wa namna hiyo ulikuwa umeanza kutumika Massachusetts mwaka 2006, chini ya gavana wa Republican, Mitt Romney.

Ndiyo maana katika mazungumzo yote ya mwaka ule miguu hiyo mitatu haikuguswa, ingawa kila kitu kingine kiliwekwa mezani. Ukiukata mguu mmoja, kigoda kinaanguka. Mfuko wa bima wa serikali, ambao ungeshindana na kampuni binafsi ili kushusha bei, ulikuwa mto wa kukalia. Waliouthamini waliamini kwamba bila mto huo kiti hakikaliki. Lakini kwa wahesabu kura, ulikuwa kitu kinachoweza kuondolewa kiti kikabaki kimesimama.

Bandu bandu

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Gogo la mfuko wa serikali halikukatwa kwa shoka moja, lilichongwa kidogo kidogo.

Katika Kamati ya Fedha ya Seneti, mwenyekiti Max Baucus alitumia miezi ya kiangazi akijadiliana na Wademokrati wenzake wawili na Warepublikani watatu, akitafuta mwafaka wa vyama viwili. Mwafaka haukupatikana, na rasimu iliyotoka haikuwa na mfuko huo. Oktoba 13 kamati iliipitisha kwa kura 14 dhidi ya 9, huku Olympia Snowe wa Maine akiwa Mrepublikani pekee aliyeiunga mkono. Miezi miwili baadaye yeye pia aliupinga muswada.

Katika Baraza la Wawakilishi, Spika Nancy Pelosi alitaka mfuko wenye nguvu, utakaowalipa madaktari na hospitali kwa viwango vinavyokaribia vya Medicare. Alipohesabu watu wake akakuta kura hazitoshi, kwa sababu wabunge wa vijijini walihofia hospitali zao zingelipwa kidogo mno. Akakubali mfuko utakaojadiliana bei kama kampuni nyingine. Novemba 7 muswada ulipita kwa kura 220 dhidi ya 215. Wademokrati 39 waliukataa, na Mrepublikani mmoja tu, Joseph Cao wa Louisiana, aliukubali.

Hata ushindi huo ulikuwa na bei yake. Mbunge Bart Stupak wa Michigan, Mdemokrati anayepinga utoaji mimba, aliongoza kundi lililokataa kuunga mkono muswada mpaka liruhusiwe kuleta marekebisho ya kuzuia fedha za ruzuku kununulia bima inayogharimia utoaji mimba. Marekebisho hayo yalipita kwa kura 240 dhidi ya 194. Wabunge wengi wanawake wa chama hicho hicho waliyapinga kwa uchungu, kisha wakaupigia muswada kura ya ndiyo.

Kwa upande wa Seneti, kiongozi wa walio wengi, Harry Reid, alitangaza Oktoba 26 kwamba rasimu yake itakuwa na mfuko wa serikali, ila jimbo lisiloutaka liruhusiwe kujitoa. Siku iliyofuata Lieberman akasema angeungana na Warepublikani kuzuia kura iwapo mfuko huo ungebaki. Alidai ungeongeza deni la taifa. Wapinzani wake walikumbusha kwamba Connecticut ni makao ya kampuni kubwa za bima.

Mapema Desemba, maseneta kumi wa Democratic, watano wa mrengo wa kushoto na watano wa wastani, wakafikia pendekezo la kati: mfuko uondolewe, lakini watu wenye umri wa miaka 55 hadi 64 waruhusiwe kununua bima ya Medicare. Wapenda mageuzi waliona wamepata kitu chenye thamani. Lieberman mwenyewe alikuwa amewahi kuliunga mkono wazo hilo alipogombea umakamu wa rais mwaka 2000. Safari hii akalikataa, na siku chache baadaye nalo likaondolewa.

Wengi walimlaani. Howard Dean, daktari na mwenyekiti wa zamani wa chama, alisema ni afadhali muswada ule ufe kuliko kupita ukiwa hivyo. Lakini katika hesabu, hasira ya maseneta 30 haikuwa na uzito sawa na kusita kwa mmoja. Wale 30 walikuwa tayari wamesema wanautaka muswada kuliko kukosa vyote. Yule mmoja alikuwa tayari kuuona ukifa. Katika meza ya mazungumzo, anayeweza kuondoka bila hasara ndiye anayepanga bei.

Nebraska yapata, Nebraska yapoteza

Baada ya Lieberman alibaki Ben Nelson wa Nebraska, Mdemokrati mhafidhina kutoka jimbo la wahafidhina. Alidai masharti makali zaidi kuhusu utoaji mimba, na pia akapata kifungu cha pekee: gharama za kupanua Medicaid katika jimbo lake zingelipwa zote na serikali kuu, daima. Desemba 19 akatangaza kwamba atakuwa kura ya 60.

Hakuwa peke yake. Mary Landrieu wa Louisiana alikuwa amepata mamia ya mamilioni ya dola za Medicaid kwa jimbo lake, lililokuwa bado linajikongoja baada ya kimbunga Katrina. Sanders, aliyetaka mfuko mmoja wa taifa zima kama wa Kanada, alijua hautapatikana, akaomba badala yake mabilioni ya dola kwa ajili ya vituo vya afya vya jamii, vinavyohudumia watu wa kipato cha chini. Alipata, na vituo hivyo vilikuja kuhudumia watu wa majimbo yote.

Asubuhi ya Desemba 24 muswada ulipitishwa na Seneti kwa kura 60 dhidi ya 39. Byrd, aliyekuwa amechoka, alipaza sauti kusema kura yake ni kwa ajili ya rafiki yake Kennedy. Reid, kwa uchovu, alijikuta ametamka hapana, akajisahihisha huku ukumbi ukiangua kicheko.

Lakini wananchi waliotazama hawakucheka. Kifungu cha Nebraska kilibandikwa jina la dhihaka na kikawa alama ya kila kilichochukiza katika siasa za Washington. Magavana wa majimbo mengine waliuliza kwa nini wao walipe na Nebraska isilipe.

Sitini yavunjika

Mpango ulikuwa kwamba Januari 2010 mabaraza mawili yaketi, yaoanishe rasimu zao, na kila moja lipige kura ya mwisho. Haikuwa hivyo. Januari 19, wapiga kura wa Massachusetts walimchagua Scott Brown wa Republican kukirithi kiti ambacho Kennedy alikishikilia tangu mwaka 1962. Brown alikuwa ameahidi waziwazi kuwa kura ya 41 dhidi ya muswada.

Siku iliyofuata wengi waliuhesabu muswada kuwa maiti. Baadhi ya washauri wa Ikulu walipendekeza mpango mdogo zaidi. Pelosi alikataa.

Njia iliyobaki ilikuwa nyembamba. Wawakilishi wangeipitisha rasimu ya Seneti kama ilivyo, bila kubadili hata nukta, ili isihitaji kurudi kwenye ukuta wa kura 60. Kisha mabaraza yote mawili yangepitisha muswada wa pili wa marekebisho kwa utaratibu maalumu wa bajeti, uliowekwa na sheria ya mwaka 1974, ambao hauruhusu kurefusha mjadala na hivyo huhitaji wingi wa kawaida tu. Sharti lake ni kwamba kila kifungu kihusu mapato au matumizi ya serikali. Kanuni inayosimamia sharti hilo inaitwa kwa jina la Byrd, yule yule mzee wa kiti cha magurudumu.

Hapo mizani ikahamia kwa Wawakilishi. Viti vinne vilikuwa wazi, hivyo zilihitajika kura 216. Pelosi na mnadhimu wake, James Clyburn, walipitia majina moja moja. Obama alimchukua mbunge Dennis Kucinich wa Ohio katika ndege ya rais. Kucinich alikuwa ameukataa muswada Novemba kwa kuuona dhaifu mno, lakini Machi 17 alitangaza kwamba angeuunga mkono. Jumla ya Wademokrati wanane walihama kutoka hapana kwenda ndiyo, na watano wakahama kinyume chake.

Stupak alibaki mpaka dakika za mwisho. Masharti ya Seneti kuhusu utoaji mimba hayakumridhisha, lakini rasimu haikuweza kuguswa. Alasiri ya Jumapili, Machi 21, suluhu ilipatikana: rais angetoa amri ya kusisitiza kwamba fedha za serikali kuu hazitagharimia utoaji mimba, isipokuwa kwa sababu chache zilizokwisha kubaliwa kisheria. Usiku huo muswada ukapita kwa kura 219 dhidi ya 212. Warepublikani wote 178 walisema hapana, pamoja na Wademokrati 34. Obama alitia saini Machi 23.

Muswada wa marekebisho ulipita Seneti siku mbili baadaye kwa kura 56 dhidi ya 43. Hapo ndipo lilipoonekana jambo la kufundisha. Kwa kuwa sasa 60 hazikuhitajika, kifungu cha Nebraska kilifutwa. Nelson alipiga kura ya hapana na haikubadili chochote. Kura iliyokuwa na thamani ya dhahabu Desemba ilikuwa kura ya kawaida Machi.

Wapo waliouliza kwa nini basi mfuko wa serikali haukurudishwa wakati huo. Baadhi ya maseneta, wakiongozwa na Michael Bennet wa Colorado, waliandika barua kuomba hivyo. Viongozi hawakuthubutu. Waliona kwamba kulifungua tena furushi lililofungwa kwa shida kungeweza kuwapotezea kura za Wawakilishi walizokuwa wamezihesabu kwa vidole.

Gharama ya njia ya mkato

Kupitisha rasimu ambayo haikufanyiwa usafi wa mwisho kulikuwa na matokeo. Kifungu kimoja kilisema ruzuku itolewe kwa wanaonunua bima katika soko lililoanzishwa na jimbo. Majimbo mengi yalikataa kuanzisha masoko hayo, na serikali kuu ikayaanzisha badala yao. Wapinzani wakaenda mahakamani wakidai kwamba, kwa maneno ya sheria, wakazi wa huko hawana haki ya ruzuku. Mamilioni ya watu wangepoteza bima kwa sababu ya maneno machache ambayo kamati ya pamoja ya mabaraza mawili ingeweza kuyarekebisha. Juni 25, 2015 Mahakama ya Juu iliokoa ruzuku hizo kwa kura 6 dhidi ya 3. Katika hukumu yake, Jaji Mkuu John Roberts alieleza kwamba sheria hiyo ina sehemu kadhaa zilizoandikwa ovyo, na akagusia namna ilivyopitishwa.

Awali, Juni 2012, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imekubali faini ya kutokuwa na bima kwa kura 5 dhidi ya 4, lakini ikasema jimbo haliwezi kulazimishwa kupanua Medicaid. Hadi mwaka 2025 majimbo 10 yalikuwa hayajafanya hivyo, na humo watu maskini mno kupata ruzuku wameachwa bila kitu.

Gharama ya kisiasa ililipwa mapema. Katika uchaguzi wa Novemba 2010, Democratic ilipoteza viti 63 vya Wawakilishi. Walioanguka ni pamoja na Betsy Markey wa Colorado na John Boccieri wa Ohio, wawili kati ya wale wanane waliobadili kura kuwa ndiyo. Walijua hatari waliyokuwa wakiikabili.

Upande wa pili wa mizani, idadi ya wasio na bima ilishuka hadi takribani milioni 28 mwaka 2016. Vijana walipata haki ya kubaki katika bima ya wazazi mpaka watimize miaka 26. Mgonjwa wa kisukari au saratani hakuweza tena kukataliwa na kampuni.

Hesabu yageuka

Mwaka 2017 Warepublikani, wakiwa na Ikulu na mabaraza yote mawili, waliamua kuifuta sheria hiyo. Walitumia utaratibu ule ule wa bajeti wenye kuhitaji wingi wa kawaida. Mei 4 Wawakilishi walipitisha muswada wao kwa kura 217 dhidi ya 213. Seneti ikabaki na toleo jembamba, na viongozi wakaahidi kuliboresha baadaye.

Usiku wa kuamkia Julai 28, Seneta John McCain, aliyekuwa amegunduliwa kuwa na saratani ya ubongo siku chache tu kabla, aliingia ukumbini, akanyoosha mkono na kugeuza kidole gumba chini. Pamoja na Susan Collins na Lisa Murkowski, wote wa Republican, aliuangusha muswada kwa kura 51 dhidi ya 49. Baadaye mwaka huo faini ya kutokuwa na bima ilifutwa kupitia sheria ya kodi, kuanzia mwaka 2019, lakini sehemu kubwa ya sheria ilibaki imesimama. Mwaka 2025 mvutano juu ya ruzuku za ziada za bima ulikuwa kiini cha kufungwa kwa shughuli za serikali kuu kwa siku 43, ishara kwamba mabishano hayajaisha.

Ni rahisi kuwalaumu akina Lieberman na Nelson, na lawama nyingine wanastahili. Lakini mfumo unaotaka kila mtu akubali humfanya anayesita kuliko wote kuwa mwandishi mkuu wa sheria. Ndivyo ilivyokuwa Desemba 2009 kwa hasara ya waliotaka zaidi, na ndivyo ilivyokuwa Julai 2017 kwa hasara ya waliotaka kufuta.

Wahenga wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Katika Seneti ya Marekani, kisa cha bima ya afya kinaonyesha kwamba vidole 59 navyo havikutosha. Na kwa mgonjwa aliyekuwa akisubiri bima mwaka ule, swali halikuwa kama sheria ni nzuri kuliko zote. Lilikuwa kama kidole cha 60 kitafika ukumbini, hata kwa kiti cha magurudumu.